Kuwapiga Picha Ndege wa Kasanga Wakati wa Kipupwe

Kasanga ni mji mdogo ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa kusini, mahali ambapo nchi ya Ufipa hushuka kutoka milimani mpaka majini. Zamani za utawala wa Wadachi mahali hapo paliitwa Bismarckburg. Mtu atokaye Sumbawanga huiacha nchi ya juu yenye baridi na upepo, akateremka na kuteremka tena, hata akafika kwenye joto, na miembe, na mitumbwi iliyovutwa mchangani, na harufu ya dagaa waliotandazwa juani.

Katika miezi ya Juni na Julai baridi ya Ufipa huwa kali. Asubuhi watu hujifunika mablanketi, na ukungu hulala mabondeni mpaka jua lipande. Wengi hudhani ya kuwa wakati huo si wakati wa kutazama ndege, maana mvua zimekoma, nyasi zimekauka, na nchi ina rangi moja kama ngozi ya simba. Lakini sivyo. Miti iliyopukutisha majani haiwezi kumficha ndege. Vidimbwi vimekauka, kwa hiyo ndege wote huyaendea maji machache yaliyosalia. Na kando ya ziwa kuna jambo jingine tena, nalo ni upepo.

Tangu mwezi wa Mei mpaka Septemba kusi huvuma kwa nguvu juu ya Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo ni refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani, kama kilometa 670, na kina chake kinafika mita 1,470. Basi upepo husukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na mahali pake, huku kusini, hupanda maji ya chini yenye ubaridi na rutuba nyingi. Rutuba ile hulisha vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Vijimea huliwa na vijidudu, vijidudu huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na migebuka. Mahali palipo samaki, ndege hawakosi. Kwa hiyo yeye atakaye kuwapiga picha ndege wa Kasanga asingojee mvua. Na atoke wakati wa kipupwe, avae nguo nzito.

Katika lugha yetu neno kupiga lina kazi nyingi. Mtu hupiga ngoma, hupiga pasi, hupiga mbizi. Vilevile hupiga ndege, na hupiga picha. Kazi hizi mbili za mwisho zilikuwa karibu sana zamani kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya kamera, mtu aliyetaka kumchora ndege sawasawa, rangi kwa rangi na unyoya kwa unyoya, alimpiga kwanza kwa bunduki. Mchoraji mashuhuri wa Marekani, John James Audubon, aliyefariki mwaka 1851, alifanya vivyo hivyo: aliwaua ndege, kisha akawafunga kwa nyaya ili wasimame kama walio hai, akawachora. Michoro yake ni mizuri ajabu, na watu huistahi mpaka leo. Lakini kila mmoja aliyechorwa hivyo alikuwa amekufa.

Watu wa kwanza walioonyesha kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa bila bunduki walikuwa ndugu wawili wa Uingereza, Richard Kearton na Cherry Kearton, waliozaliwa katika kijiji cha wachungaji wa kondoo huko Yorkshire. Mwaka 1892 Cherry alipiga picha ya kiota chenye mayai, na mwaka 1895 kikatoka kitabu chao cha viota vya ndege, ambacho picha zake zote zilipigwa kwa kamera huko huko porini. Kamera za siku zile zilikuwa masanduku mazito ya mbao, na picha iliingia katika kioo, si katika filamu. Mtu aliyebeba vioo kumi alikuwa na picha kumi tu, na akianguka alikuwa hana hata moja. Hata hivyo ndugu wale waliteremka majabali ya bahari kwa kamba, huku kamera ikining'inia.

Tatizo lao kubwa halikuwa uzito wa kamera. Ndege walikuwa wakiwaogopa. Basi wakatafuta hila. Waliona kwamba ndege hamwogopi ng'ombe. Hutembea miguuni pake, na wengine hupanda mgongoni mwake. Wakatengeneza ng'ombe wa uongo, ngozi iliyotandikwa juu ya kiunzi, na ndani yake mtu akaingia na kamera yake. Wakafanya na kondoo pia, na gogo, na jiwe la uongo. Watu waliopita njiani wakacheka, lakini ndege hawakujua chochote. Mwaka 1909 Cherry Kearton alikuja Afrika ya Mashariki na kamera zake kupiga picha za wanyama wa porini.

Mtoto wa Kasanga hana haja ya kutengeneza ng'ombe. Mtumbwi mkuukuu uliopinduliwa mchangani, nyavu zilizoanikwa juu ya miti, kibanda cha matete cha mvuvi, vyote hivyo ndege wamevizoea tangu walipototolewa. Akiketi kimya nyuma ya nyavu saa moja, hao ndege humsahau. Na kama akipenda kujenga kibanda chake mwenyewe, na akijenge kwa matete ya pale pale, kidogo leo na kidogo kesho, akiache siku kadha wa kadha kabla ya kuingia. Ndege akiona kitu kipya huwa na mashaka. Akikiona siku ya nne hakitikisiki, hukiona kama kichuguu.

Kuna hila moja ya kuingia kibandani ambayo wapiga picha wote huijua. Wakienda watu wawili, wakaingia wote, kisha mmoja akatoka na kwenda zake wazi wazi akipunga mikono, ndege hudhani kibanda ki tupu, maana wengi wao hawajui kuhesabu. Walimuona mtu akija, wamemuona mtu akienda. Basi shauri limekwisha. Yule aliyebaki ndani asikohoe tu.

Kamera ni sanduku lenye giza, lenye tundu moja mbele, na katika tundu hilo mna kioo kilichosuguliwa hata kikawa na tumbo, kiitwacho lenzi. Kilango kilicho ndani hufunguka na kufungwa, na katika muda ule nuru huingia na kuandika umbo la kitu. Zamani nuru iliandika juu ya kioo chenye dawa, halafu juu ya filamu. Siku hizi huandika juu ya kibati kidogo kinachoigeuza nuru kuwa umeme. Walakini sheria ni ile ile. Kilango kikikaa wazi muda mrefu, nuru nyingi huingia, lakini ndege arukaye huandikwa kama moshi, maana amekwisha kusogea. Kwa ndege aliye mbioni hutakiwa kilango kifunguke sehemu moja tu katika elfu ya sekunde. Muda mfupi namna hiyo hutaka nuru nyingi, na nuru nyingi na nzuri ni ya jua.

Hapa Kasanga pana bahati yake. Mji uko upande wa mashariki wa ziwa, na jua huchomoza nyuma ya milima ya Ufipa. Asubuhi, lipitapo kilele, nuru yake huanguka juu ya maji ikitoka mgongoni mwa mtu asimamaye pwani. Ndege walio majini wote huwa wanang'aa mbele yake, rangi zao safi, na macho yao yana nukta ya nuru ndani. Picha ya ndege isiyo na nukta ile huonekana kama picha ya ndege aliyekufa, hata kama alikuwa akiimba. Jioni mambo hugeuka. Jua hushuka upande wa ziwa, na ndege huonekana weusi kama waliokatwa kwa karatasi. Hiyo nayo ni picha, na wengine huipenda kuliko ile ya asubuhi. Lakini mtu hawezi kujua kwayo rangi ya ndege.

Lakini kuamka mapema peke yake hakutoshi. Mtu ajue na mwezi. Wavuvi wa dagaa huenda ziwani usiku na taa, dagaa wakaifuata nuru, wakachotwa kwa nyavu. Wakati wa mbalamwezi taa hazina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika. Basi asubuhi ya usiku wa giza, mitumbwi ikirudi na dagaa wakitandazwa, pwani hujaa mwewe, na kunguru wenye vifua vyeupe, na yangeyange wenye miguu mirefu waendao kwa adabu kana kwamba wamealikwa. Asubuhi ya mwezi mpevu pwani hiyo hiyo ni kimya. Mgeni aliyefunga safari kutoka mbali bila kuuliza habari za mwezi huweza kukaa siku tatu akapiga picha za mchanga.

Ndege wa pwani ile hawapigwi picha kwa namna moja. Mnandi ni rahisi kuliko wote. Yeye huzamia samaki, na manyoya yake hulowa. Akitoka huketi juu ya jiwe au mti na kuyatandaza mabawa yake yakauke, kama mtu aanikaye shuka. Hukaa hivyo muda mrefu, na hata mwanafunzi mwenye simu tu aweza kumpata. Mdiria mweupe na mweusi huonekana mgumu, maana ni mdogo na mwepesi. Lakini ana desturi moja impatayo mpiga picha faida. Kabla ya kujitupa majini huning'inia hewani mahali pamoja, akipiga mabawa upesi upesi, kichwa kimeelekea chini, akipima shabaha. Ajuaye hivyo humngojea pale, hamkimbizi.

Furukombe, yaani tai mla samaki, mwenye kichwa na kifua cheupe na tumbo la rangi ya udongo mwekundu, huketi juu ya mti mrefu akatazama maji. Anaweza kukaa asubuhi nzima pasipo kufanya neno, hata mpiga picha akachoka, akainamia mkoba wake kutafuta kiazi. Na hapo ndipo tai huruka. Wazee wa kazi hii wana dalili zao. Ndege mkubwa akitaka kuruka, mara nyingi huinama kidogo, huacha kinyesi, kisha hujitupa. Tena ndege huruka na kutua akiuelekea upepo. Wakati wa kusi, basi, yafaa mtu akae upande utokako upepo, ili ndege amjie uso kwa uso. Akikaa upande mwingine atapata picha nyingi za mikia.

Jambo moja lisisahauliwe pwani. Ziwa lina mamba, na hasa midomo ya mito na mahali penye matete si mahali pa kuchezea. Mtu atazamaye ndani ya kamera haoni kilicho miguuni pake. Kuingia majini mpaka magotini kwa sababu ya picha ya mdiria ni kununua kitu kidogo kwa bei kubwa.

Si mbali na Kasanga, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, Mto Kalambo hujitupa kutoka nchi ya juu mara moja, bila kugusa ngazi, zaidi ya mita 200. Chini ya maporomoko hayo maji yamechimba bonde jembamba lenye kuta za mawe. Hapa Kiswahili kina mchezo wake: korongo ni bonde la namna hiyo, na korongo ni ndege, Kalambo yako yote mawili. Katika kuta zile, juu ya vibao vya mawe ambavyo mtu hawezi kuvifikia, makorongo wakubwa waitwao marabu hujenga viota vyao wakati wa kiangazi.

Marabu si ndege wa kusifiwa kwa sura. Kichwa chake ni kipara, shingoni hubeba mfuko wa ngozi, na akisimama na mabawa yake meusi yameshuka hufanana na mzee aliyevaa koti la kuazima. Hula mizoga na takataka, na vyura, na samaki. Hiyo ndiyo sababu ya kuzaa kwake wakati wa ukame: vidimbwi vikipungua, samaki na vyura hubanwa mahali padogo, na wanyama wafao huonekana upesi katika nchi iliyo wazi. Ndege wengine huzaa wakati wa mvua kwa ajili ya wadudu na mbegu. Marabu hungoja shida ya wengine. Lakini na akiruka, huyo mzee mbaya hugeuka kuwa kitu kingine kabisa. Mabawa yake huenea zaidi ya mita mbili na nusu, naye huzunguka juu ya bonde bila kuyapiga hata mara moja.

Asubuhi mapema, kungali na baridi, marabu hawaruki sana. Huketi viotani au kandokando, wakingoja. Jua likipasha moto mawe, hewa ya joto huanza kupanda, na hewa hiyo ndiyo inayowachukua. Mtu asimamaye juu ya ukingo huwaona wakipanda kutoka chini, mmoja baada ya mwingine, mpaka wanapita usawa wa macho yake, halafu wanakuwa juu yake. Ni mahali pachache duniani ambapo mtu aweza kumpiga picha ndege mkubwa arukaye akitazama mgongo wake badala ya tumbo lake. Bonde lenyewe humlinda ndege, kwa kuwa mtu akiwa juu ya ukingo hawezi kumkaribia. Humlinda ndege, halimlindi mtu. Atazamaye kwa kamera huku akirudi nyuma hatua moja moja apate nafasi nzuri, hapo Kalambo, hana nafasi ya kukosea mara mbili.

Kwa nini kuna haja ya kulindwa ndege aliye kiotani, hali kamera haina risasi? Neno hili lataka kuelezwa vizuri, kwa kuwa watu wenye moyo mwema wamekosea hapa mara nyingi.

Yai ni kitu kinachotaka joto lisilobadilika. Mama au baba akiliatamia, joto la mwili wake hulilinda; akiondoka, katika asubuhi ya Juni huko Ufipa, hupoa upesi. Saa sita ya mchana hatari ni nyingine, maana jua kali huweza kukiua kilichomo ndani. Kinda asiye na manyoya ni vivyo hivyo. Mpiga picha akisimama karibu na kiota, ndege mzazi huruka na kungoja mbali. Mtu hudhani, mimi sikugusa kitu. Ni kweli hakugusa. Lakini ndege hatarudi maadamu yeye yupo, na kila dakika anayokaa akitengeneza kamera yake huhesabiwa juu ya mayai yale.

Na tuseme mtoto mmoja wa Kasanga ameona kiota cha hua katika mwembe wa nyumbani. Kiota cha hua ni kitu cha ajabu kwa uvivu, vijiti vichache vilivyopangwa hovyo, hata mayai mawili meupe huonekana kwa chini. Mtoto ana simu ya kaka yake. Apanda, aona kwamba jani moja linafunika mayai, alivunja. Aona tawi dogo linatia kivuli, alivunja nalo. Sasa nuru ni nzuri, apiga picha, ashuka, aonyesha watu, wote wafurahi. Hua arudi akaketi juu ya mayai yake. Lakini kunguru aliyekuwa juu ya paa, ambaye kwa wiki nzima hakuona kitu katika mwembe ule, sasa aona. Kesho yake kiota ni kitupu, na mtoto hajui ni kwa sababu gani. Majani yale mawili yalikuwa mlango wa nyumba.

Tena mzazi si kila mara huruka akaenda zake. Mwaka 1937 mpiga picha wa ndege wa Uingereza, Eric Hosking, kijana wa miaka isiyofika thelathini, alikuwa akienda gizani kwenye kibanda chake karibu na kiota cha bundi huko Wales. Bundi alimjia kimya, kama bundi wanavyoruka, akampiga usoni kwa kucha. Hosking alipoteza jicho lake la kushoto. Kazi hakuiacha, aliendelea kuwapiga picha ndege kwa jicho moja zaidi ya miaka hamsini, mpaka alipofariki mwaka 1991. Naye yule bundi alikuwa akifanya kazi yake tu.

Mtu asiyeweza kufika pwani wala Kalambo ana ua wa nyumba yake. Nchi ya juu ya Ufipa, wakati wa kipupwe, ni kavu sana, na ndege wadogo hutafuta maji kutwa. Kigae cha mtungi uliovunjika, kikijazwa maji na kuwekwa mahali pa wazi, huwavuta kuliko chakula. Kisiwe na kina kirefu, na ndani yake iwekwe changarawe, wapate mahali pa kusimama wasizame. Kisiwe karibu na kichaka, maana paka hujificha humo. Lakini uwepo mti wenye tawi si mbali, maana ndege hapendi kushuka moja kwa moja chini. Hutua kwanza juu ya tawi, hutazama huku na huku, ndipo hushuka. Tawi lile ndilo mahali pa kumpigia picha, wala si kigaeni.

Wafipa wamelima ulezi tangu zamani, nao ulezi una mbegu ndogo ndogo ambazo hakuna mikono inayoweza kuziokota zote. Mahali unapopurwa, watu wakisha kuondoka, huja hua, na shomoro, na tongo, na vindege vyekundu vidogo viingiavyo mpaka jikoni, na yule mweusi na mweupe anayetikisa mkia kila atembeapo. Mlango wa jikoni, basi, ni kibanda kilicho tayari. Ndani mna giza, nje mna nuru. Aliye ndani huona, na aliye nje haoni. Mtu na aketi hatua moja nyuma ya kizingiti, wala asitoe mkono nje.

Simu ina upungufu mmoja kwa kazi hii. Haina lenzi ndefu, na ndege aliye mbali huonekana kama punje. Kumkimbilia ili kumpata karibu ni bure. Lakini simu ni ndogo, na ndege haiogopi. Wengine huitegemeza juu ya jiwe karibu na kigae, huiacha ichukue picha za kutembea, nao huenda kuteka maji au kutwanga. Wakirudi baada ya nusu saa hukuta mambo ambayo hakuna mtu aliyeyaona: ndege wawili wakigombana, mmoja akioga na kurusha maji, na mara nyingine kuku wa nyumbani akiwafukuza wote na kunywa peke yake.

Kipupwe cha Kasanga si kipupwe cha Ulaya. Huko baridi kali huwa Desemba, Januari na Februari, miezi ambayo hapa ni ya mvua na kilimo. Wadudu hufa au hujificha, maji hugeuka barafu, na ndege walao wadudu hawawezi kuishi. Zamani watu wa Ulaya hawakujua mbayuwayu huenda wapi. Wenye elimu waliandika kwamba hulala katika matope chini ya maziwa. Mwaka 1822, huko Mecklenburg katika Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki wa mbao umepenya shingoni mwake. Alikuwa ameruka nao. Wataalamu walipoutazama waliona kwamba mti wake na kazi yake ni vya Afrika ya kati. Ndege yule yupo mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, na mkuki wake pamoja naye. Halafu mwezi wa Mei 1911 mwanasheria mmoja wa Staffordshire katika Uingereza, John Masefield (si yule mtunga mashairi mwenye jina hilo), alimvika mbayuwayu pete ndogo mguuni. Desemba 1912 mbayuwayu yule yule akapatikana Natal, Afrika ya Kusini.

Ndege hawa wawili walitoa habari zao kwa kufa au kushikwa. Siku hizi pete za korongo weupe huandikwa herufi kubwa, na picha iliyopigwa vizuri kutoka mbali huweza kuzionyesha. Mtu wa Ufipa akimpiga picha korongo mweupe shambani mwezi wa Januari, kisha akaikuza na kuona pete, ameshika barua iliyoandikwa Ulaya, na ndege ameendelea na chakula chake. Hata picha isiyo na pete ina kazi, ikiandikwa siku na mahali. Tanzania ina aina za ndege zaidi ya 1,100, na wataalamu wanaotengeneza ramani za ndege wa nchi hii hupokea habari kutoka kwa watu wa kila mahali. Pembe za mbali kama Kasanga ndizo zisizotembelewa mara nyingi.

Kusi hupoa mwezi wa Septemba. Joto huongezeka, moshi wa mioto ya nyasi hufunika milima ya ng'ambo, na kwa majuma kadha nuru huwa mbaya, kila picha ni ya kijivu. Makinda ya marabu yaliyototolewa mapema yamekwisha kuota manyoya na kuanza kuruka. Kisha wingu la kwanza husimama juu ya Ufipa, na jioni moja ya Oktoba vitwitwi huonekana pwani wakitikisa viuno kandokando ya maji, na mbayuwayu wamepangana juu ya waya, wamechoka, manyoya yao yamechakaa kwa safari.

Hao hawahitaji kibanda. Huketi waziwazi mbele ya watu, karibu kiasi kwamba hata simu huwapata.